Kilio Kisichoanzwa: Ufiwa na Makuzi katika Riwaya ya Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o

Ikisiri

Makala haya yanahakiki riwaya ya Weep Not, Child (1964) ya Ngũgĩ wa Thiong'o kama riwaya ya makuzi iliyojengwa juu ya ufiwa. Usomaji uliozoeleka huichukulia safari ya Njoroge kuwa safari ya kushindwa: kijana mwenye ndoto ya elimu anapoteza shule, baba na mpenzi, anajaribu kujinyonga, na mwishowe anajiita mwoga. Makala yanapendekeza usomaji mwingine. Kwa kutumia dhana ya ufiwa kama inavyobebwa na lugha ya Kiswahili, hususan methali isemayo kwamba kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, yanaonesha kuwa kifo cha Mwangi, kilichotokea kabla ya riwaya kuanza, kinabaki bila maombolezo ya pamoja, na kwamba kila mhusika mkuu anaubeba msiba huo au msiba unaofanana nao kwa njia inayomtenga na wengine. Kwa mtazamo huo, tendo la mwisho la Njoroge, la kuwafungulia mlango mama zake wawili, ndilo tendo lake la kwanza la utu uzima.

Maneno muhimu: ufiwa, riwaya ya makuzi, riwaya ya kihistoria, Mau Mau, Ngũgĩ wa Thiong'o

1.0 Utangulizi

Riwaya ya Weep Not, Child ilichapishwa mwaka 1964, wakati mwandishi wake bado akitumia jina la James Ngugi. Inasimulia maisha ya Njoroge, mwana wa Ngotho na Nyokabi, tangu siku mama yake anapomuuliza kama angependa kwenda shule hadi usiku ambapo, akiwa kijana, amebakiwa na mama wawili peke yao. Kati ya ncha hizo mbili kuna mgomo wa wafanyakazi ulioshindwa, kutangazwa kwa hali ya hatari, amri ya kutotoka nje usiku, mauaji, mateso na kifungo. Familia iliyoanza ikiwa na baba, wake wawili na wana wanne walio hai inamalizika ikiwa na mwana mmoja nyumbani.

Tatizo linaloshughulikiwa na makala haya linatokana na ukurasa wa mwisho. Njoroge anatoka nyumbani akiwa na kamba, anausogelea mti aliokwisha kuuchagua, kisha anaisikia sauti ya mama yake ikimwita gizani. Hajinyongi. Njiani kurudi anajilaumu kuwa ni mwoga, analikubali neno hilo, halafu anakimbia nyumbani na kuwafungulia mlango mama zake wawili. Wasomaji wengi wameishia kwenye neno hilo la uwoga. Kwa kuwa mhusika mwenyewe amejihukumu, hukumu imechukuliwa kuwa imekamilika: Njoroge hakukua, na riwaya ni ya makuzi yaliyokwama.

Hata hivyo, sentensi ya mwisho ya riwaya haimwachi Njoroge kwenye neno. Inamwacha kwenye tendo. Swali la makala haya ni kama tendo hilo lina uzito wa kutosha kuibadili hukumu aliyojitolea mhusika. Hoja inayotetewa ni kwamba lina uzito huo, iwapo kipimo cha kukua kitakuwa namna mtu anavyoubeba msiba pamoja na wafiwa wenzake, badala ya kuwa elimu aliyoipata au ujasiri alioonesha vitani.

2.0 Riwaya na Historia Iliyoizaa

Ngũgĩ alizaliwa mwaka 1938 Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, katika eneo ambalo mashamba ya walowezi yalipakana na vijiji vya watu walionyang'anywa ardhi. Hali ya hatari ilitangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952, na ilidumu hadi mwaka 1960. Kati ya mwaka 1955 na 1958 Ngũgĩ alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Alliance, wakati ambapo kaka yake alikuwa miongoni mwa wapiganaji wa msituni. Riwaya aliiandika alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere. Shule ya Siriana anamosoma Njoroge, yenye utulivu wake wa ajabu huku nchi ikiungua, inafanana kwa mengi na Alliance aliyoifahamu mwandishi.

Kufanana huko si sababu ya kuisoma riwaya kama tawasifu. Kunaeleza tu kwa nini historia ndani yake inaonekana kutoka kimo cha mtoto. György Lukács, katika kitabu chake kuhusu riwaya ya kihistoria, alieleza kwamba riwaya za aina hiyo hufaulu zinapowaweka wakuu wa historia pembeni na kuipitisha historia katika maisha ya watu wa kawaida. Ngũgĩ anafanya hivyo hasa. Jomo Kenyatta yumo katika riwaya, lakini yumo kama jina linalotajwa kwa matumaini, na baadaye kama habari ya kesi iliyoshindwa. Uzito wa habari hiyo hauoneshwi mahakamani. Unaoneshwa nyumbani kwa Ngotho, miongoni mwa watu wanaoipokea.

Mgogoro mkuu wa riwaya ni ardhi, na makala haya hayalipingi hilo. Ngotho anafanya kazi katika shamba la Bwana Howlands, shamba ambalo lilikuwa la wazazi wake. Yeye mwenyewe alichukuliwa kwa nguvu akiwa kijana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akapelekwa kufyeka misitu na kutengeneza barabara za majeshi. Ni kazi za maelfu ya watu wa Afrika Mashariki waliotumikishwa katika vita hivyo, ambao kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wao imebaki katika jina la Kariakoo, Nairobi na Dar es Salaam. Ngotho aliporudi, ardhi ilikuwa imekwenda. Kwa hiyo chanzo cha maafa ni unyang'anyi. Kinachohitaji maelezo zaidi ni hiki: kwa nini watu wa nyumba moja, walionyang'anywa kitu kilekile, wanauingia mgogoro huo kila mmoja peke yake, hata wakafikia hatua ya kutoweza kuzungumza?

3.0 Ufiwa kama Dhana ya Uchambuzi

Kitenzi cha Kiswahili kufa kikipewa kiambishi cha kutendea huwa kufia, na kikipewa kiambishi cha kutendwa huwa kufiwa. Mfiwa, kwa mujibu wa umbo la neno lenyewe, ni mtu ambaye kifo cha mwingine kimemtokea yeye. Lugha inakiweka kifo baina ya watu: aliyekufa yupo, na aliyefiwa yupo. Ndiyo maana katika jamii za Waswahili msiba una mahali pake na muda wake. Watu hukaa matanga, hupokea rambirambi, na siku hufika ambapo matanga huanuliwa na wafiwa hurudi kazini wakiwa wamekwisha kutambuliwa kuwa ni wafiwa.

Methali isemayo kwamba kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia inabeba kanuni mbili. Kwanza, hakuna anayeweza kumlilia mtu kwa niaba ya nyumba yake iwapo nyumba yenyewe imenyamaza. Pili, mfiwa akishaanza, wa mbali wana wajibu wa kuingia. Kilio kisipoanzwa, msiba haumaliziki, na jamii inakosa mlango wa kuingilia.

Sigmund Freud, katika makala yake ya mwaka 1917 kuhusu maombolezo na sonona, alitofautisha huzuni inayoifanya kazi yake hadi ikaisha na huzuni inayogeuka ndani ya mtu kwa kuwa kilichopotea hakikukubaliwa kuwa kimepotea. Tofauti hiyo inasaidia, lakini inamtazama mtu mmoja na nafsi yake. Dhana ya ufiwa inaongeza kile ambacho Freud hakukipa uzito: kwamba kazi ya huzuni ni kazi ya kikao.

Mipaka ya mkabala huu inafaa kubainishwa. Familia ya Ngotho ni ya Wagikuyu, na riwaya imeandikwa kwa Kiingereza. Makala hayadai kwamba wahusika wanafuata desturi za matanga za pwani, wala hayajengi hoja juu ya kaburi na namna ya kuzika. Dhana ya ufiwa inatumika hapa kama chombo cha kuuliza swali moja tu juu ya kila kifo katika riwaya: je, waliofiwa walipata kukaa pamoja na kukitambua?

4.0 Kifo Kilichoitangulia Riwaya

Mwangi, mwana wa Nyokabi na ndugu wa Njoroge kwa baba na mama, alikufa katika Vita vya Pili vya Dunia. Riwaya inapoanza amekwisha kufa. Hana tukio hata moja, wala hana sauti. Hakuna mwili uliorudishwa, na hakuna sehemu yoyote ya riwaya inayoonesha nyumba ikikaa kwa ajili yake. Pamoja na hayo, ni vigumu kumpata mhusika mkuu wa nyumba hii ambaye matendo yake yanaeleweka bila kifo hicho.

Wa kwanza ni Nyokabi. Wazo la kumpeleka Njoroge shule ni lake, na riwaya inapoeleza mawazo yake inaliweka karibu na jeraha la mwana aliyekufa katika vita visivyokuwa vyake. Mwana wa kwanza alichukuliwa na Wazungu. Wa pili atapelekwa kuichukua elimu ya Wazungu na kuirudisha nyumbani. Kwa hiyo shule, ambayo wasomaji wengi wameitazama kama ndoto ya maendeleo, inazaliwa ikiwa fidia ya msiba. Njoroge anapopewa daftari anapewa pia, bila kuambiwa, nafasi ya marehemu. Hilo linaeleza kwa nini elimu kwake haiwi ujuzi wa kawaida kama useremala wa Kamau. Ni deni.

Hapa pia pana udhaifu wa riwaya unaostahili kutajwa. Msiba wa Nyokabi, ambaye ndiye mama wa marehemu, unapewa nafasi finyu na kugeuzwa mara moja kuwa mpango kwa ajili ya mwana mwingine. Hasira ya Boro inapewa kurasa nyingi, ukimya wa Ngotho vilevile. Mwandishi kijana aliyeweza kuona kwamba shule imetokana na machozi ya mama hakukaa na machozi hayo kwa muda wa kutosha. Ukurasa wa mwisho unamrudisha mama huyo kwa nguvu, lakini msomaji analazimika kuujaza mwenyewe ukimya wake wa kurasa zilizotangulia.

4.1 Wafiwa wawili katika shamba moja

Sura inayowakutanisha Ngotho na Howlands shambani ni miongoni mwa sura zilizosukwa kwa uangalifu mkubwa. Watu hao wawili wanatembea pamoja wakikagua mimea. Kila mmoja anaipenda ardhi hiyo, na kila mmoja anaamini kwamba ni yake: Ngotho kwa sababu ya waliotangulia, Howlands kwa sababu ya jasho lake na kwa sababu hana mahali pengine anapopaita nyumbani. Howlands naye ni mfiwa. Mwanawe Peter alikufa katika vita vilevile vilivyomuua Mwangi, na katika wanawe wa kiume amebaki Stephen pekee.

Msomaji anafahamishwa yote hayo. Wahusika wenyewe hawaambiani pole. Ngotho anamwita mwenzake bwana, na Howlands anauliza nani atalitunza shamba baada yake. Baba wawili, vita vimoja, wana wawili waliokufa, na ardhi moja chini ya miguu yao; kisha wanaachana bila neno la rambirambi. Ukoloni katika tukio hili hauoneshwi kwa kiboko. Unaoneshwa kwa kutowezekana kwa rambirambi. Ili Howlands ampe pole Ngotho, ingembidi akubali kwamba Ngotho ni baba kama yeye, na kwamba aliyemwita Mwangi vitani alikuwa na deni kwake. Kukubali hivyo kungelifungua swali la shamba. Hivyo Howlands anaumimina msiba wake katika ardhi, na ardhi iliyokwisha kupokea huzuni ya mtu huwa ngumu zaidi kuirudisha kuliko ardhi ya faida peke yake. Baadaye, akiwa Afisa wa Wilaya, atamtesa mtu huyohuyo aliyetembea naye.

4.2 Boro na msiba uliogeuka kisasi

Boro ni mwana wa Njeri, mke wa kwanza. Mwangi alikuwa ndugu yake wa baba, lakini riwaya inasisitiza kwamba wana wa Ngotho waliishi kana kwamba wamezaliwa na mama mmoja. Boro alirudi kutoka vitani, Mwangi hakurudi. Tukio linalomtambulisha vyema ni lile la jioni ambapo Ngotho anawasimulia watoto habari za Gikuyu na Mumbi, za ardhi waliyopewa na Murungu, na za utabiri wa Mugo wa Kibiro. Kwa Njoroge hadithi hiyo ni ahadi. Kwa Boro ni mashtaka: anataka kujua vipi baba aliketi akingoja utabiri huku nchi ikichukuliwa. Anatoka nje kwa hasira, na kikao kinavunjika.

Tukio hilo lina maana kwa hoja ya makala haya kwa sababu kikao cha hadithi ndicho kikao pekee ambacho nyumba hii inacho. Hapo ndipo pangeweza kuwa mahali pa kumtaja Mwangi. Ngotho anasimulia yaliyopotea zamani sana; Boro amebeba aliyepotea jana. Baba anaanza mbali mno, mwana anaishia karibu mno, na hawakutani. Boro anapokuwa kiongozi msituni anamweleza mwenzake kwamba amepoteza wapendwa wengi mno hata ardhi yenyewe imepungua maana kwake, na uhuru haumvutii tena. Kilichobaki ni kuua. Hayo ni maneno ya mtu ambaye kilio chake hakikuanzwa. Anachokitafuta katika kila adui ni mtu wa kulipia kifo ambacho hakuna aliyekaa naye kukililia.

5.0 Njoroge na Hifadhi ya Kesho

Katika sehemu ya kwanza ya riwaya Njoroge hana msiba anaoukiri. Alikuwa mdogo Mwangi alipokwenda, na nyumba imempa kazi ya kuwa tumaini. Silaha yake ni kesho. Mambo yakiharibika leo, jua litachomoza kesho. Anamwambia hivyo Mwihaki, binti wa Jacobo, hata baada ya baba zao kuwa maadui, Ngotho alipomvamia Jacobo katika mkutano wa mgomo na hatimaye kupoteza kazi na mahali pa kuishi.

Jina la riwaya lina uhusiano na silaha hiyo. Limechukuliwa kutoka katika shairi la Walt Whitman, ambamo mtoto amesimama ufukweni usiku akiwa na baba yake, akilia kwa kuwa mawingu yanazifunika nyota, naye anatulizwa kwa hoja kwamba mawingu hayatadumu. Kumwambia mtoto asilie ni upendo, lakini pia ni amri. Njoroge ni mtoto aliyeitii amri hiyo mno. Anaambiwa asilie kabla hajajua kinacholiliwa, na anakua akiamini kwamba kutolia ndiko kukomaa.

Hali ya hatari inaongeza vifo, na kila kifo kinapunguza nafasi ya kulia. Duka la kinyozi, ambalo hapo mwanzo ni mahali pa porojo na kicheko cha mji mzima, linapoteza mwenyewe: kinyozi na Nganga, seremala aliyemfunza Kamau na kuihifadhi familia ilipofukuzwa, ni miongoni mwa watu wanaochukuliwa majumbani mwao usiku na kuuawa. Mwalimu Isaka anauawa na askari msituni. Amri ya kutotoka nje usiku ina maana ya kiusalama kwa serikali. Kwa wafiwa ina maana kwamba wa mbali hawawezi kuingia hata kama mfiwa angeanza. Njeri na Kori wanakamatwa kwa kuivunja amri hiyo, na Kori hapati kurudi. Katika mazingira hayo Siriana inakuwa kisiwa. Njoroge anasoma, anakutana hata na Stephen Howlands katika siku ya mpira, na vijana hao wawili wanazungumza kwa upole ambao baba zao hawakuuweza. Lakini upole wa kisiwani haujapimwa. Polisi wanapokuja kumchukua darasani, kesho yake inakatika kwa siku moja.

6.0 Kitanda cha Ngotho

Jacobo ameuawa. Kamau anashukiwa, na Ngotho, ili kumwokoa, anajitokeza na kukiri kosa ambalo hakulitenda. Anateswa hadi kuhasiwa. Njoroge naye anateswa na kutishiwa jambo hilohilo. Wahakiki wanaoliona tukio hili kuwa limetiwa chumvi wanapaswa kuikumbuka rekodi ya kihistoria. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kisheria nchini Kenya katika miaka hiyo. Mwezi Juni mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza bungeni kwamba inajutia mateso yaliyotendwa na utawala wa kikoloni, na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathirika 5,228. Kuhasiwa kulikuwa miongoni mwa madai yaliyowasilishwa mahakamani katika shauri hilo. Riwaya ya mwaka 1964 ililitaja jambo hilo nusu karne kabla ya majuto hayo.

Ngotho anarudishwa nyumbani kufa. Hiki ndicho kifo cha kwanza katika riwaya ambacho nyumba inakishuhudia. Wake zake wapo, Njoroge yupo, na kwa muda mfupi hata Boro anaingia kutoka msituni, anapiga magoti na kumwomba baba msamaha. Baba anamsamehe na kumbariki. Ugomvi ulioanza usiku wa hadithi unafungwa kando ya kitanda cha mauti. Boro, hata hivyo, hakai. Anatoka kabla kikao hakijawa kikao, anakwenda kumuua Howlands, na hivyo msiba wa pili unafuata njia ya ule wa kwanza.

Maneno ya mwisho ya Ngotho hayaendi kwa Boro. Yanamwendea Njoroge, na yanakatika midomoni kabla hayajakamilika: awaangalie mama zake. Wosia huu haujapewa uzito unaostahili. Ngotho hamwambii mwanawe mdogo asome, wala apigane, wala aikomboe ardhi. Mambo hayo ndiyo yaliyoitawala riwaya nzima, na baba anayaacha yote pembeni. Anachomkabidhi ni wafiwa.

7.0 Mlango wa Mama Wawili

Baada ya kifo hicho Njoroge anaporomoka. Anafanya kazi katika duka la Mhindi na kufukuzwa. Boro anangoja kunyongwa, Kamau amefungwa maisha, na Kori yuko kizuizini. Njoroge anamwendea Mwihaki na kupendekeza watoroke, waende Uganda. Mwihaki anakataa. Naye ni mfiwa: baba yake ameuawa, na aliyemuua ni wa nyumba ya Njoroge. Ana sababu zote za kuondoka au za kulipiza. Badala yake anamrudishia Njoroge maneno yake mwenyewe kuhusu kesho, na anamweleza kwamba wao sasa ni watu wazima, na kwamba wajibu kwa watu wengine ndio jukumu lao kubwa.

Mwihaki ndiye mhusika wa kwanza kuuunganisha utu uzima na wajibu wa msiba. Kesho ya Njoroge ilikuwa mahali pa kukimbilia. Mwihaki anaifanya kuwa mahali pa kungojea pamoja na waliobaki. Njoroge hawezi kulipokea somo hilo papo hapo. Anachukua kamba.

Katika tukio la mwisho sauti inayomwita ni ya Nyokabi. Ametoka gizani akiwa na kijinga cha moto cha kumulikia njia, akimtafuta mwana wa pili kabla hajapotea kama wa kwanza. Kwa Mwangi hakukuwa na njia ya kumulika. Kwa Njoroge ipo. Katika shairi la Whitman, mtoto usiku ule amesimama na baba. Katika riwaya baba amekufa, na anayekuja kumchukua mtoto ni mama. Tofauti hiyo haielekei kuwa ya bahati. Njoroge anamfuata, na njiani sauti ya ndani inamlaumu kuwa ni mwoga kwa kuwa hakujiua. Anakubali.

Neno uwoga linapaswa kusomwa kwa kuzingatia mizani inayolitoa. Ni mizani ya Boro, ambayo kwayo mwanamume hupimwa kwa kuua au kufa. Kwa mizani hiyo Njoroge ameshindwa, na anasema kweli. Lakini anachokitenda mara baada ya kusema kinapimwa kwa mizani ya Ngotho. Anakimbia mbele na kuwafungulia mlango mama zake wawili, si aliyemzaa peke yake. Riwaya inataja idadi, na idadi hiyo ni wosia wa baba uliotimizwa. Njeri, ambaye wanawe watatu wamechukuliwa na vita, gereza na kizuizi, anaingia katika mlango unaofunguliwa na mwana wa mke mwenzake. Kwa mara ya kwanza tangu riwaya ianze, wafiwa wanaingia nyumba moja bila mmoja wao kuwa na safari ya kutoka.

Inaweza kupingwa kwamba tafsiri hii inaupa mlango uzito mkubwa kuliko unavyoweza kubeba, kwa kuwa riwaya haioneshi kinachotokea ndani. Pingamizi hilo ni la haki, na linaweka mpaka wa hoja. Makala haya hayadai kwamba Njoroge amepona, wala kwamba maombolezo yamekamilika. Yanadai kwamba sharti lake la kwanza limetimia. Kilio hakijalika, lakini wanaopaswa kukianza wako mahali pamoja.

8.0 Hitimisho

Riwaya ya makuzi, kwa mazoea yake, humfikisha kijana katika jamii iliyo tayari kumpokea. Ngũgĩ aliandika katika nchi ambamo jamii hiyo ilikuwa imevunjwa kwa makusudi, kwa kunyang'anya ardhi kwanza na kisha kwa kuwazuia watu kukutana. Katika hali hiyo Njoroge hawezi kukua kwa kuingia katika jamii iliyopo. Anakua kwa kukisimamisha tena kipande chake kidogo kabisa, yaani nyumba yenye wafiwa watatu. Howlands aliuficha msiba katika ardhi, Boro katika bunduki, Ngotho katika ukimya na utabiri, na Njoroge mwenyewe katika kesho. Njia zote nne ziliwatenga na watu waliofiwa pamoja nao.

Usomaji huu una manufaa pia kwa uhakiki wa fasihi ya Kiswahili inayohusu vita hivyo. Kaburi Bila Msalaba ya P. M. Kareithi, iliyochapishwa mwaka 1969, inaelekeza tangu jina lake kwenye swali la namna waliokufa walivyokumbukwa, na ulinganishi wa kina kati ya riwaya hizo mbili unaweza kuonesha jinsi lugha tofauti zilivyoushughulikia msiba mmoja wa kihistoria. Dhana ya ufiwa, kwa kuwa imo katika umbo la kitenzi chenyewe, ni mchango ambao Kiswahili kinaweza kuutoa katika nadharia ya riwaya bila kusubiri istilahi kutoka kwingine. Inamtaka mhakiki aongeze swali moja: nani alibaki, na ni nani aliyemfungulia mlango?